Maumivu ya Kifandugu na Nyonga Siku za Mwisho za Ujauzito

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa akina mama wanaohudhuria kliniki, Eldoret



Mimba ikifika miezi saba na kuendelea, mama wengi huona taabu kuketi, kuinuka, na hata kugeuka kitandani. Wakilalamika huambiwa, "Vumilia, ni mimba tu." Ni kweli kwamba mimba ndiyo huleta maumivu hayo. Si kweli kwamba hakuna la kufanya.

Kifandugu ni kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Wakati wa ujauzito, homoni hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Kano zikilegea, na uzito wa mtoto ukizidi, nyonga na kifandugu huuma. Maumivu haya yenyewe hayamdhuru mtoto.

Mambo haya husaidia:

- Kuketi: Kunja taulo mbili, uweke moja chini ya kila paja, ili kifandugu kisikandamizwe na kiti. Inuka kila baada ya nusu saa.
- Kulala: Lala kwa ubavu, na mto katikati ya magoti. Ukigeuka, bana magoti pamoja.
- Kuvaa: Keti kwanza. Usisimame kwa mguu mmoja.
- Kubeba: Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Hiyo ni kazi ya baba na watoto wakubwa.
- Safari: Boda boda kwenye barabara ya mashimo hutikisa nyonga. Ukipanda matatu, usikubali kuharakishwa mlangoni.

Usinunue dawa ya maumivu bila kumwambia muuzaji kwamba una mimba. Brufen na diklofenaki hazifai, hasa baada ya wiki 20, kwa sababu zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Muulize muuguzi kuhusu paracetamoli. Wala usikubali kukandwa tumbo.

Yapo maumivu yasiyongoja. Mgongo au nyonga ikiuma kwa kuja na kuachia, huku tumbo likikaza kabla ya wiki 37, huenda ni uchungu wa mapema. Nenda hospitali mara moja pia ukiona damu au maji yakitoka, ukiwa na homa, ukikojoa kwa maumivu, ukifa ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo, au mtoto akipunguza kucheza. Usingoje kupambazuke. Nenda kituo kilicho karibu. Ikihitajika, utapewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Siku ya kliniki, usijibu "niko sawa" ilhali umeingia ukichechemea. Mwambie muuguzi inauma wapi na tangu lini, uombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Kusema si udhaifu. Muuguzi hawezi kutibu asichoambiwa.