Moshi Hutangulia Moto: Usalama wa Wagonjwa Hospitalini



Moto ukizuka nyumbani, kila mwenye miguu hukimbilia nje. Wodini si hivyo. Kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee anayepumua kwa oksijeni, mtoto aliyetundikiwa maji. Hawa hawawezi kukimbia, na moshi huwafikia kabla ya moto. Disemba 2011, moto ulianza katika orofa ya chini ya ardhi ya hospitali ya AMRI mjini Kolkata, India. Watu takriban 90 walifariki, wengi wao wagonjwa waliokosa hewa orofa za juu, mbali na ndimi za moto.

Ndiyo maana hospitali iliyojengwa sawasawa hugawanywa kwa kuta na milango ya kuzuia moshi. Moto ukianza wodi moja, wagonjwa husukumwa na vitanda vyao hadi ng'ambo ya mlango, orofa ile ile, ndipo upatikane muda wa kuwatoa nje. Lakini mlango huo hauna kazi ukiwekewa jiwe ili upepo upite. Ukuta nao hauna kazi fundi akitoboa tundu la nyaya juu ya dari na kuliacha wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu, chumvi ya bahari hula bawaba na vitasa upesi, kwa hivyo milango hii yahitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Oksijeni yenyewe haiwaki, ila huchochea kila kinachowaka. Aprili 2021, mitungi ya oksijeni ililipuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, na zaidi ya watu 80 wakafa.

Na tusisahau msiba wa Pwani. Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la Shule ya Bombolulu. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Kufuli ya kuzuia mwizi isiwe kaburi la mgonjwa.

Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zataka ukaguzi wa usalama na zoezi la kuokoa watu angalau mara moja kila miezi 12. Nayo Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti huduma ya zimamoto.

Mwananchi naye ana sehemu yake:

• Asiwashe jiko, sigara wala dawa ya mbu wodini.
• Asiegeshe bodaboda au tuktuk langoni pa hospitali. Gari la zimamoto lapitia hapo.
• Akiona mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, au korido imejaa vitanda vibovu, amwambie msimamizi siku hiyo hiyo.
• Moshi ukitanda, ainame chini penye hewa, afunge mlango nyuma yake, apige 999 au 112.

Zoezi likitangazwa katika hospitali iliyo karibu nawe, shiriki.