Mimea Kwanza, Samaki Baadaye

Msikilizaji, leo nina ombi kwa yeyote anayetamani kuweka tangi la samaki sebuleni kwake. Nunua mimea, ipande, ngoja mwezi mzima, ndipo uende kutafuta samaki.

Najua ni ombi gumu. Mtoto anataka samaki leo, na dukani kinachomvutia ni lile bakuli la duara lenye kokoto za rangi, jani la plastiki na samaki mwekundu mmoja. Wiki mbili hazipiti, samaki anaelea tumbo juu. Nyumbani wanalaumiana: nani alisahau kumlisha? Nani alimlisha mno? Mara nyingi kilichomuua ni uchafu wake mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki kikioza huongeza amonia hiyohiyo, nayo ni sumu. Katika maji yaliyokomaa wamo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Lakini bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 ili wawe wengi wa kutosha. Katika bakuli lililonunuliwa jana hawamo. Na anayelimwaga lote kila Jumamosi na kulisugua kwa sabuni anawaondoa hata wale wachache waliokuwa wameanza kushika kwenye kokoto.

Hapo ndipo mimea inapookoa maisha. Mimea mingi ya majini huifyonza amonia moja kwa moja na kuifanya chakula, hata kabla bakteria hawajajipanga. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, aliwaeleza wanasayansi wenzake wa London habari za chombo chake cha kioo cha galoni 12. Alitia humo samaki wekundu wawili wadogo na mmea wa Vallisneria, wenye majani marefu membamba, akaupanda kwenye mchanga na changarawe. Baada ya muda majani makuukuu yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala yale yanayooza, maji yakatakata. Pampu ya umeme hakuwa nayo, wala chujio. Nikifikiria wangapi kati yetu wanadhani tangi haliwezekani bila mashine za bei kubwa, natamani kila duka la samaki libandike habari hiyo ukutani.

Galoni 12 za Kiingereza ni takriban lita 54. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linachukua kiasi hichohicho, na fundi vioo anayejua kazi ya silikoni anaweza kukuundia. Ila kumbuka, lita 54 za maji ni kilo 54, kabla ya kuhesabu kioo, udongo na mawe. Liweke juu ya meza imara iliyonyooka, mbali na dirisha.

Chini tandaza udongo wa kawaida wa shamba, uliochekechwa, usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani, unene wa sentimita 2 au 3. Ufunike kwa changarawe ndogo iliyooshwa, unene uleule. Njia hii ilienezwa sana na Mmarekani Diana Walstad katika kitabu chake cha mwaka 1999, nami naipenda kwa sababu haidai mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi wala chupa za mbolea. Sisi wa pwani tuchunguze changarawe yetu. Vipande vya matumbawe na makombe vina chokaa, na chokaa hufanya maji yawe magumu kupita mahitaji ya mimea mingi. Dondoshea kijiwe matone ya siki. Kikitoa povu, kiache. Maji ya bomba yawekwe kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima ili klorini itoke. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai.

Kisha panda, na upande kwa wingi. Vijiti viwili vya majani kwenye tangi zima havitafanya kazi yoyote. Vallisneria inaota hata katika maziwa yetu, Nyasa na Tanganyika. Ceratophyllum, inayopatikana Ziwa Viktoria, haina mizizi. Iache ielee, itakua haraka na kufyonza uchafu mwingi. Anubias, ya mito ya Afrika Magharibi na Kati, hukua taratibu na kuvumilia kivuli. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, maana shina lake likizikwa huoza.

Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku. Ikizidi, utakaribisha mwani. Hapa Dar es Salaam hatuhitaji kifaa cha kupasha maji, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya wangelifurahia. Lakini maji ya uvuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea nayo hupumua oksijeni hiyohiyo. Kwa hiyo samaki wawe wachache. Umeme ukikatika na pampu, kama unayo, ikazimika, tangi lenye majani mengi na samaki wachache lina nafasi kubwa zaidi ya kufika asubuhi salama.

Mwezi ukiisha na majani mapya yakichipua, leta samaki aina ya gapi watatu au wanne, uwape wiki kadhaa kabla ya kuongeza wengine. Samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaopendwa na wafugaji duniani kote, wengi wao hutaka mawe na maji magumu, na baadhi hufukua kila ulichopanda. Hao wastahili tangi lao wenyewe.

Mimea ikistawi utaipunguza mara kwa mara, na hapa nasema kwa msisitizo: usiitupe mtaroni, mtoni wala ziwani. Gugu maji lililovamia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika ya Kusini, uliosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri, na wavuvi wetu wanajua lilivyowafungia njia za mitumbwi. Anika mapunguzo juani hadi yakauke kabisa, kisha yazike bustanini. Na ndoo ya maji utakayoitoa kwenye tangi kila wiki ili kuweka maji mapya, yenye nitrati, itumie kumwagilia mchicha.