Jibu na Yakini Yake: Kupima Hakika ya Mwanafunzi katika Majaribio ya Mtandaoni



Jaribio la kuchagua jibu huchukulia kwamba aliyepata anajua na aliyekosa hajui. Mhadhara huu unadai kuwa mtazamo huo una kasoro, na kwamba katika ufundishaji wa Kiswahili kasoro hiyo huficha makosa yanayostahili kushughulikiwa mapema.

Chukulia swali la ngeli: wingi wa "uso" ni "nyuso", "mauso" au "uso"? Mwanafunzi wa kwanza anachagua "nyuso" kwa kujua. Wa pili anabahatisha na kuliangukia jibu hilohilo. Wote wanapata alama 1. Wa tatu anachagua "mauso" bila shaka yoyote, kwa kuwa amejifunza "ugonjwa/magonjwa" na kuieneza kanuni hiyo. Wa nne anachagua "mauso" kwa kubahatisha. Wote wanapata sifuri. Hata hivyo, wa nne anahitaji kufundishwa tu, ilhali wa tatu anahitaji kwanza kuonyeshwa mpaka wa kanuni anayoiamini.

Njia ya kuwatenganisha ipo. Tony Gardner-Medwin wa University College London aliuendeleza, tangu miaka ya 1990, utaratibu wa kusahihisha kwa kuzingatia yakini, uliotumiwa na wanafunzi wa tiba. Baadaye uliingizwa katika programu ya Moodle, ambayo vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki huitumia. Kila jibu huambatana na kiwango cha yakini: 1, 2 au 3. Jibu sahihi huleta alama 1, 2 au 3 kwa mfuatano huo. Jibu lisilo sahihi huleta 0, -2 au -6. Kihesabu, kiwango cha 2 humfaa mwenye hakika inayozidi asilimia 67, na cha 3 anayezidi asilimia 80. Hivyo, anayesema kweli kuhusu hakika yake ndiye anayefaidika. Aliyejibu maswali 20 kwa kiwango cha 3 na kupata 12 huambulia -12. Kwa kiwango cha 1 angepata 12.

Suala linalowahusu wanaisimu ni lugha ya viwango hivyo. Kiswahili kina msamiati mpana wa hakika: "yakini", "nadhani", "huenda", "labda". Lakini "nadhani" haipimi shaka pekee. Hutumika pia kama adabu, hasa mdogo anapozungumza mbele ya mkubwa. Kiwango kikiandikwa "nadhani", mwanafunzi mwenye heshima atakichagua ilhali anajua, na mtambo utaisoma adabu kama ujinga. Kwa sababu hiyo, yafaa kila kiwango kiambatane na kipimo kilicho wazi, kwa mfano "katika maswali 10 kama hili, ningepata zaidi ya 8".

Tahadhari moja inabaki: jibu moja halithibitishi lolote. Mwalimu alinganishe majibu mengi ya kiwango kimoja na usahihi wake ndipo aamue.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Jaribio linaloiadhibu shaka sawasawa na kosa la kujiamini humfundisha mwanafunzi kuificha shaka hiyo, na shaka iliyofichwa haiulizi swali.