Fulana Hazipimi Kansa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Sisi tumetumwa na kikundi chetu cha akina mama tuje tuwaeleze jinsi tulivyotumia msaada wa fedha wa kuelimisha watu juu ya kupimwa kansa ya mlango wa kizazi. Barua ya mwaliko ilisema tuje tusimulie mafanikio yetu. Tutayasimulia. Lakini tutaanza na kosa letu, kwa sababu msaada wa kwanza tuliuharibu, na tunajua kwamba vikundi vingi vilivyo hapa leo vinajaza fomu za kuomba msaada kama ule.

MSAADA WA KWANZA

Mwaka wa 2021 tulipewa shilingi 80,000. Kwa kikundi kama chetu, kilichozoea kuchangiana shilingi mia mia kila Alhamisi, hizo zilikuwa fedha nyingi. Tukakaa kikao, tukazigawa hivi: fulana zenye maneno mgongoni, shilingi 32,000. Chakula cha wageni, 22,000. Hema, viti na vipaza sauti, 20,000. Bango na mpiga picha, 6,000. Basi, zikaisha.

Siku yenyewe ilifana. Uwanja ulijaa, kwaya ziliimba, chifu alihutubu, na pilau ilitosha watu wote. Katika ripoti tuliandika: "Watu 300 wamehamasishwa." Mfadhili akatushukuru kwa barua, nasi tukaitundika ukutani.

Jumatatu yake akina mama 11 waliamka mapema wakaenda zahanati kupimwa, kama tulivyowaambia. Huko walikuta muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo amehamishwa, na vifaa vya kazi havipo. Waliambiwa warudi mwezi ujao. Hatuwezi kumlaumu mtu wa zahanati. Ni sisi tuliokodi hema kabla ya kwenda kumwuliza kama wanapima.

Kati ya wale 11 alikuwako mhazini wetu. Yeye ndiye aliyekwenda mjini kuchagua fulana, akabishana na mwenye duka mpaka bei ikashuka, na risiti zote akazileta. Alikuwa anatokwa na damu kidogo kidogo, miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, na hakumwambia mtu. Alirudi zahanati mara ya pili, akaambiwa siku ya kupima ni nyingine. Mara ya tatu hakuwa na nauli, na sisi hatukuwa na senti ya kumpa, kwa maana tulikuwa tumekula pilau. Alipofika hospitali kubwa mwaka uliofuata, ugonjwa ulikuwa umeenea. Tulimzika mwaka wa 2023. Wengi wetu tulikwenda mazishini tumevaa fulana zile, maana ndiyo sare tuliyokuwa nayo.

Tangu siku hiyo tumekubaliana neno moja, na ndilo tulilokuja kuwaambia: msaada wa kuelimisha watu juu ya kupimwa hauhesabiwi kwa watu waliosikia. Unahesabiwa kwa watu waliopimwa, na zaidi ya hapo, kwa wale waliokutwa na dalili wakafika mahali pa kutibiwa.

KWA NINI UGONJWA HUU UNAKUBALI KUZUIWA

Labda mtu atauliza, je, kuna haja gani ya kupima mtu asiyeumwa? Tueleze kwa ufupi kama tulivyofundishwa.

Kansa ya mlango wa kizazi si laana, wala si matokeo ya kurogwa. Karibu yote huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huenea kwa njia ya kukutana kimwili. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyeonyesha jambo hilo, na mwaka wa 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Virusi hivi ni vya kawaida sana. Watu wengi huvipata wakati mmoja au mwingine, na kwa wengi mwili huviondoa wenyewe. Kwa hiyo mama akikutwa navyo, asiitwe malaya, na mumewe asiitwe hivyo pia.

Kwa wachache virusi havitoki. Vinabadilisha ngozi ya mlango wa kizazi polepole, na inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya mabadiliko hayo kuwa kansa. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari mara 6 kuliko asiye navyo, kwa hiyo yeye hupimwa mapema na mara nyingi zaidi. Katika miaka hiyo yote hakuna maumivu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa unaonekana miaka mingi kabla ya ukuta kuanguka, lakini sharti mtu autazame.

Na kuutazama si kazi ya kuogofya. Mama hulala kitandani, muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikionekana, mara nyingi huweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, bila kulazwa. Kuna pia kipimo cha HPV chenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani. Hicho kimewasaidia wengi waliokuwa wanaona haya. Programu ya Kenya imelenga hasa akina mama wa miaka 25 hadi 49, lakini anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, au damu baada ya kukutana na mumewe, au baada ya hedhi kukoma, aende hata kama ana miaka 70.

Mabinti zetu nao wana chanjo. Tangu Oktoba 2019 Serikali imekuwa ikitoa chanjo ya HPV bure kwa wasichana kuanzia miaka 10. Hata hivyo chanjo ya binti haimkingi mama yake.

Kwa makadirio ya mwaka wa 2020, katika Kenya akina mama zaidi ya 5,200 walipatikana na kansa hii, na zaidi ya 3,200 walikufa. Hao ni watu waliokuwa na miaka mingi ya kuokolewa.

WALIYOYAONA MIGORI

Tulipokuwa tunajiuliza tulikosea wapi, daktari mmoja alitusimulia juu ya utafiti uliofanywa Migori kuanzia mwaka wa 2016. Jamii 12 ziligawanywa. Katika nusu, kipimo cha HPV kilipelekwa vijijini kwa kampeni, na akina mama wakajichukulia sampuli wenyewe. Katika nusu nyingine waliambiwa waende kliniki. Palipopelekwa kipimo vijijini walipimwa kama 60 kati ya kila 100. Palipongojwa kliniki, kama 37. Kumbe watu hawakatai kupimwa. Wanakataa safari.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Kati ya wale waliokutwa na virusi, katika pande zote mbili, chini ya nusu ndio waliofika kutibiwa. Yaani mama ameitwa, amekuja, amepimwa, ameambiwa, halafu amepotea njiani. Tuliposikia hayo tulimkumbuka mhazini wetu.

MSAADA WA PILI

Mwishoni mwa mwaka wa 2023 tuliomba tena, na tukapewa shilingi 60,000, pungufu ya zile za kwanza. Safari hii, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, wajumbe wanne walikwenda zahanati na kituo cha afya. Waliuliza maswali matano: Nani anapima? Siku gani? Vifaa gani vimepungua? Akikutwa na dalili anapelekwa wapi? Na huko analipa nini? Majibu tuliyaandika katika daftari. Ndipo tukagawa fedha:

Nauli za kwenda kupimwa: 18,000.
Nauli za waliotumwa hospitali, pamoja na msindikizaji: 20,000.
Glavu na vitu vidogo vilivyopungua kituoni: 9,000.
Chai na karatasi za mikutano midogo: 7,000.
Simu na daftari: 3,000.
Akiba: 3,000.

Fulana hakuna. Tuliweka zile za zamani.

Mikutano tulifanya midogo, watu kumi au kumi na watano, nyumbani kwa mtu. Msemaji alikuwa mama aliyekwisha kupimwa, aeleze mwenyewe aliyoyaona. Mhudumu wa afya wa kijiji alitusaidia kufika kwa wale ambao hawaji mikutanoni: mama mlemavu asiyeweza kupanda bodaboda peke yake, wajane wazee, wasichana wa kazi za nyumbani, na wale wa ng'ambo ya mto ambao mvua ikinyesha hawavuki. Hao ndio msaada unawahusu hasa. Sisi tunaokaa karibu na barabara tutasikia tu.

Wanaume tuliwatafuta kwenye mkutano wao wa ushirika, tukaomba dakika kumi. Mzee mmoja aliuliza kama muuguzi ni mwanamume. Tukamjibu ni mama. Akasema, "Basi kwa nini hamkusema tangu zamani?" Wiki ile mkewe alikuja, na wakeze wa jirani wawili.

Lengo letu lilikuwa akina mama 60. Waliopimwa ni 52. Wanne walikutwa na alama nyeupe. Watatu walitibiwa hapo kituoni. Wa nne alitumwa hospitali ya kaunti, na mjumbe wetu alifuatana naye mara zote mbili, akakaa naye kwenye foleni, akamshikia kadi. Leo yuko nyumbani, analima. Wanane waliobaki bado hawajakubali, na majina yao yamo katika daftari. Hatujawachoka.

MKIANDIKA MAOMBI YENU

Ndugu zetu, mkikaa kuandika maombi, tunawasihi mambo machache.

Kwanza, msiandike "wanawake 500 watahamasishwa." Andikeni ni wangapi watapimwa, wapi, na nani. Mfadhili mwema ataipenda hesabu ndogo ya kweli kuliko kubwa ya hewa.

Pili, nauli ya kufuatilia iwe katika bajeti tangu mwanzo. Mfadhili akisema hawalipi nauli, mwelezeni kwa upole kwa nini mnaiomba. Sisi tulimweleza juu ya mhazini wetu, naye akakubali.

Tatu, daftari la majina litunzwe na mtu mmoja mwenye kufunga mdomo. Ugonjwa wa mtu si habari ya kisimani. Siri ikitoka mara moja, mwaka mzima hakuna atakayekuja.

Nne, hakikisheni cheti cha kikundi ni halali. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Muwe na akaunti ya benki, kumbukumbu za vikao na risiti. Na siku ya kusoma hesabu, wasomeeni wanachama wote.

Tano, viongozi mtangulie. Msimwambie mwenzenu akapimwe hali ninyi mnaogopa. Kwetu mwenyekiti alikuwa wa kwanza kulala kitandani, na aliporudi tulimwuliza kama iliuma. Akasema viatu vipya vilimwumiza zaidi.

Mhazini wetu alikuwa mtu wa risiti. Angalikuwapo leo angetuuliza, "Zile shilingi zimemfikisha nani?" Tunawaachia swali hilo mlipeleke kwenye vikao vyenu.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Karibu na kwetu, ni kituo gani kinachopima, na siku gani? Nani atakwenda kuuliza wiki hii?
2. Ni akina mama gani katika kijiji chetu ambao hawafiki mikutanoni? Tutawafikiaje?
3. Mwenzetu akitumwa hospitali kubwa kesho, kikundi kina akiba ya nauli yake na ya msindikizaji?
4. Wanaume wa kikundi chetu watasaidia vipi?