Benzeni Iliyomo Ndani ya Dumu

Leo tunazungumza na ndugu zetu wa bandari ya Mocímboa da Praia, hasa nyinyi mnaoendesha boti za mashine.

Ukifungua dumu la petroli, ile harufu kali inayokupanda puani ina benzeni ndani yake. Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye atomi 6 za kaboni zilizoshikana kama pete, na 6 za haidrojeni. Michael Faraday aliitenga kwa mara ya kwanza huko London mwaka 1825. Viwandani hutumika kutengenezea plastiki, nailoni na dawa. Faida zake ni nyingi, lakini madhara yake ndiyo yaliyonileta hapa.

Benzeni huharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa. Anayeivuta miaka nenda miaka rudi aweza kupungukiwa damu, hata kupata saratani ya damu. Kwa hiyo, kaka yangu, ule mpira unaoutia mdomoni kufyonza petroli, uache. Tumia pampu ya mkono. Na aliyemeza asitapishwe kamwe, kwani mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi.

Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini ya chombo bila kuonekana. Cheche moja yatosha kuulipua. Dumu lisiwekwe chumba wanamolala watoto, na mikono yenye grisi ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli.