Ngazi ya Vinasaba na Mtoto wa Njiani

Juma hili twendeni Kigoma, katika barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Kongo. Huko nilizungumza na mama mmoja wa Kivu aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto wanne. Watatu aliwazaa. Wa nne alimkuta njiani analia peke yake, akambeba, akamlea hadi akaota ndevu. Mama yule aliniuliza: "Baba, kile kipimo kitasema huyu si wangu?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, kitasema. Leo naeleza sababu.

Ndani ya chembe za miili yetu mna vinasaba, navyo vina umbo la ngazi iliyosokotwa kama kamba. Nguzo zake mbili ni sukari na fosfati. Kila kipandio ni herufi mbili zilizoshikana, na herufi zote ni nne tu: adenini hushikana na thaimini, guanini na saitosini. Ngazi ikipasuliwa katikati, kila nusu hujijengea mwenzake yule yule wa mwanzo. Ndivyo urithi unavyonakiliwa. Umbo hilo lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick wa Cambridge, wakisaidiwa mno na picha za eksirei za Rosalind Franklin wa London.

Sasa, nusu ya vinasaba vya mtoto hutoka kwa mama, nusu kwa baba. Kuna sehemu za ngazi ambako herufi hujirudia, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya watu. Mpimaji huhesabu, akalinganisha mtoto na mzazi.

Elimu hii imewahi kumwokoa mnyonge. Mwaka 1985, mtoto wa familia ya Kighana alizuiwa Uingereza, maofisa wakidai si mwana wa mama yake. Profesa Alec Jeffreys wa Leicester alipima, akathibitisha kuwa ni mwanawe. Mtoto akabaki kwa mamaye.

Lakini mwaka 2008 Marekani ilipoanza mjini Nairobi majaribio ya kuwapima wakimbizi wa Afrika waliotaka kuwafuata jamaa zao, familia nyingi hazikulingana na maelezo yao, au hazikufika kupimwa. Mpango ukasimamishwa hadi mwaka 2012. Udanganyifu ulikuwepo, sikatai. Ila mwaka huo huo wa 2008, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwakumbusha wakubwa kwamba kukosekana kwa undugu wa damu si lazima iwe hila.

Wazee wetu walishasema kitanda hakizai haramu. Walijua kwamba mtoto ni wa nyumba iliyomlea. Ngazi ile hueleza nani alimzaa nani, na haikosei kirahisi. Haina herufi hata moja ya kutuambia nani alimbeba nani mgongoni.

Kwa hiyo anayepima apime, lakini asiandike "mwongo" kabla hajauliza: mtoto huyu ulimpataje? Nasi wa mijini, tunaokimbilia kipimo kila ugomvi wa nyumbani unapozuka, tujiulize hivyo hivyo.