Kumlikiza Mtoto Mchanga
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Huenda wengine wataona ajabu kwamba katika baraza hili, lililozoea habari za mishahara na uhamisho, sisi tumekuja na habari za uji wa mtoto. Lakini mtumishi ni mzazi kabla ya kuwa karani, na mwenye mtoto dhaifu nyumbani hana moyo wa kazi ofisini.

Na tuanze na yaliyotupata wenyewe. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama yake alipewa likizo ya siku 84, kama isemavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 katika Tanzania. Siku hizo hazitimii miezi mitatu, na Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye tu, asipewe hata maji, mpaka atimize miezi sita. Likizo ilipokwisha tukamwacha kwa yaya pamoja na chupa ya uji, nao ulikuwa mwembamba ili upite katika tundu la chupa. Alipofika miezi minane uzito wake ulikuwa umesimama. Majirani wakanong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia. Mama yake alilia kwa aibu. Nasi, twakiri, tulinyamaza.

Muuguzi aliyempima hakuuliza habari za chumba chetu cha kulala. Aliuliza mtoto anakula nini. Akamimina uji ule kijikoni, akakiinamisha kijiko, nao ukakimbia kama maji. Akasema, "Tumbo limejaa, lakini mtoto hajala."

Jambo hili si geni. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba na kuharibika ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa vyakula vya mahindi. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Wao waliitambua saa ya hatari. Yeye akatazama kilichomo bakulini.

Siku hizi watu hushindana juu ya njia ya kulisha. Wengi wetu humpa mtoto kwa kijiko chakula kilichopondwa. Wengine, wakifuata mafundisho ya Gill Rapley wa Uingereza, humketisha pamoja na jamaa, ashike mwenyewe vipande vya chakula na kujilisha. Kijiko humwezesha mlezi kujua kiasi kilichoingia. Mkono humfundisha mtoto kutafuna na kukoma akishiba. Sisi twaona njia hizo mbili zaweza kukaa nyumba moja, mradi mtoto aketi wima, asiachwe peke yake, vipande viwe laini vya kupondeka kwa vidole, wala asipewe karanga nzima, maana zaweza kumpalia. Asali nayo ingoje mpaka atimize mwaka.

Lakini wala kijiko wala mkono hautamfaa mtoto aliyewekewa maji yenye rangi ya unga. Uji na uwe mzito, utulie kijikoni. Utiwe karanga zilizosagwa, au maziwa, au dagaa waliopondwa, na mafuta kidogo. Apewe yai, maharage, mboga, na nyama au ini ipatikanapo, kwa sababu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua sana afikapo miezi sita. Uji ukiwa mzito mno, usiongeze maji: tia kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi, uuchemshe tena, nao utalainika pasipo kupoteza nguvu yake. Tangu miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku; tangu wa tisa, mara tatu au nne. Na ziwa lisikatwe ghafula, bali aendelee kunyonya hata miaka miwili na zaidi.

Wenzetu, sheria ile ile yampa mama nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, isiyozidi saa mbili kwa siku. Basi twawaomba ninyi mlio wakuu wa vyumba vya kazi: mama akiomba saa hizo, asitazamwe kama mvivu. Na akina baba, tusiseme uji ni kazi ya wanawake. Ingieni jikoni, mkiinamishe kijiko, mtazame wenyewe.

Mtoto wetu aliongezeka uzito alipobadilishiwa chakula, na leo hukimbia kuliko sisi. Mama yake tulimwomba radhi, kwani kimya chetu kilimwumiza kuliko maneno ya majirani.